Nira ya Mti na Nira ya Chuma

Somo: Yeremia 28, na 29 mstari wa 1 hadi wa 14



Katika mkutano wa baraza la mtaa wa mwezi uliopita lilizuka jambo dogo ambalo halikuwamo katika orodha ya mazungumzo. Mzee mmoja aliuliza zile ndoo mbili za maji zenye bomba, zilizowekwa langoni mwaka 2020, zitafanywa nini sasa. Moja imepasuka. Ya pili imegeuzwa kuwa mahali pa kusimamishia mafagio. Mmoja wetu akasema zitupwe, kwa kuwa hazipendezi na zinakumbusha mambo mabaya. Mwingine akasema kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa maneno matupu tu, wala yeye hakumwona mtu hata mmoja aliyekufa nao. Watu wakacheka. Sisi hatukucheka, walakini hatukusema neno, na tangu siku ile hatuna raha. Mhariri wa gazeti letu alipotuomba tuandike mahubiri ya mwezi huu, tuliona hatuna budi kulisema hapa lile ambalo hatukulisema barazani.

Tusome kwanza. Ilikuwa mwaka wa nne wa mfalme Sedekia. Watu wengi wa Yuda walikuwa wamekwisha kuchukuliwa mateka kwenda Babeli, pamoja na mfalme wao Yekonia na vyombo vya hekalu. Waliobaki Yerusalemu walikuwa chini ya Nebukadreza, naye Yeremia alikuwa akitembea mjini amevaa nira ya mti shingoni, kama ng'ombe wa kulimia, ili watu wapate kuona kwa macho yao kwamba mzigo huu hautaondoka upesi. Fikirini jinsi alivyowachosha! Wakienda sokoni, yupo. Wakienda hekaluni, yupo, na ule mti shingoni. Ndipo akatokea nabii mwingine, Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni. Huyu alisimama nyumbani mwa Bwana mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba nguvu ya mfalme wa Babeli imekwisha kuvunjwa, na kwamba kabla ya miaka miwili kutimia mateka watarudi na vyombo vitarudi. Miaka miwili tu. Watu walipewa na tarehe.

Angalieni sasa jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Yeremia hakumkemea papo hapo. Neno lake la kwanza lilikuwa Amina. Alitamani mbele ya watu wote kwamba Bwana ayatimize hayo aliyoyasema mwenzake. Wako wafasiri wanaosema alikuwa akimdhihaki, lakini sisi hatuoni hivyo. Twaona kwamba Yeremia naye alikuwa amechoka. Shingo iliyokuwa ikichubuka ni yake. Angefurahi kuliko wote kama ile nira ingeondolewa siku ile ile. Ila hakuweza kusema kwamba imeondoka, na hali haijaondoka. Basi Hanania akaishika ile nira, akaivunja mbele ya macho ya watu, na Biblia haituambii kama walishangilia, lakini sisi tuliokaa na watu twaweza kukisia. Yeremia akaenda zake, hakujibu. Baadaye ndipo lilipomjia neno, akamwambia Hanania kwamba nira aliyoivunja ilikuwa ya mti, na kwamba mahali pake itakuja nira ya chuma.

Sisi tulifundisha Elimu ya Dini katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na sura hii tuliwafundisha wanafunzi wengi. Kila mara tulipoifundisha tulijihesabu upande wa Yeremia. Ndivyo afanyavyo kila mwalimu na kila mhubiri, maana ni nani asomaye habari hii akajiona kuwa ni Hanania?

Sasa turudi nyuma miaka michache. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zilifungwa, na makanisa yakafuata. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, tangu saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri, na siku hiyo ya kwanza watu waliokuwa wakikimbilia feri pale Likoni ili warudi makwao walipigwa kwa virungu na kurushiwa mabomu ya machozi, na jua lingali juu. Wamo wasomaji wa gazeti hili waliokuwapo. Kwa hiyo hatusemi kwamba masharti yale yalikuwa matakatifu. Mengine yalisimamiwa kwa ukatili, hata rais mwenyewe akawaomba wananchi radhi. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi zilifungwa, mtu asiingie wala asitoke. Kwale na Kilifi zilifunguliwa mwezi wa Juni, na Mombasa ikawa hivyo hadi tarehe 7 Julai. Pasaka ya mwaka ule iliangukia katikati, tarehe 12 Aprili, na kengele yetu haikupigwa.

Twakumbuka jinsi tulivyoanza kwa bidii. Mwezi wa kwanza kila mtu alikuwa mwalimu wa usafi. Watoto waliimba wimbo wa kunawa mikono. Akina mama wa kanisa walishona barakoa za kitenge wakazigawa bure kwa abiria wa feri. Mtu akikohoa katika matatu, wote waligeuka. Lakini mwezi ukaingia mwezi, na hoteli nyingi za pwani zikafunga milango, na vijana waliokuwa wakizilisha nyumba zao kwa kazi za hoteli wakarudi kukaa barazani na wazee wao. Waliokufa walizikwa upesi upesi na watu wasiozidi 15, bila wimbo, na sisi Waafrika tulioambiwa tusiwalilie watu wetu twajua hiyo ni nira ya namna gani.

Makanisa yalipofunguliwa tena mwezi wa Julai 2020, ilikuwa kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isipite saa moja, wala wasiingie watoto walio chini ya miaka 13 wala watu waliopita miaka 58. Sisi tulikuwa na miaka 62. Jumapili ya kwanza tulichukua kiti chetu tukaketi nje chini ya mwembe, ng'ambo ya njia, tukasikiliza wimbo wa kwanza ukitoka dirishani. Twakiri ya kwamba hatukuketi pale kwa upole. Tulikuwa na hasira. Tuliona kwamba kanisa tulilolisaidia kulijenga limetufungia mlango, na aliyesimama mlangoni na kipima joto alikuwa kijana tuliyemfundisha katekisimu.

Basi tukachoka, vijana kwa wazee. Barakoa zikashuka chini ya kidevu. Ndoo za langoni zikakaa siku mbili bila maji na hakuna aliyeuliza. Lile daftari la mlangoni, ambamo kila mwenye kuingia aliandika jina na nambari ya simu, likawa mchezo. Siku moja tulilipitia tukakuta Yohana Mbatizaji ameandikwa, na nambari ya simu juu yake. Tulicheka sana, na hata leo jambo lile latuchekesha. Kuchoka si dhambi, ndugu wapenzi. Tungependa jambo hili lieleweke kabla hatujaendelea. Aliyesema Amina hekaluni alikuwa nabii wa kweli, naye alikuwa amechoka.

Tulikuwa na rafiki, mwalimu mwenzetu wa miaka mingi chuoni. Yeye alifundisha hesabu. Alikuwa mkubwa wetu kwa miaka 12, tukimwita kaka, naye alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kwa umri wake na kwa ugonjwa wake alikuwa mtu wa kukaa nyumbani, wala hakubishana na jambo hilo, kwa kuwa mtu wa hesabu hutazama hesabu. Kila Jumapili adhuhuri alitupigia simu. Neno lake la kwanza lilikuwa moja sikuzote: "Mwalimu, habari za Babeli?" Nasi tulimjibu, "Babeli ni salama, kaka." Kisha akauliza, "Chanjo imefikia wapi?" Alifuata habari za chanjo kama vijana wafuatavyo mpira. Alijua majina ya vyuo vilivyokuwa vikiitafuta, na idadi ya watu waliojaribiwa, na akatueleza kwa simu, polepole, kama kwamba tumekaa dawati la mbele.

Tarehe 8 Desemba 2020 alitupigia usiku, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Siku ile katika mji wa Coventry, Uingereza, bibi mmoja jina lake Margaret Keenan, mwenye miaka 90, alidungwa chanjo ya kwanza nje ya majaribio katika nchi ile. "Bibi wa miaka tisini amedungwa, Mwalimu!" akatuambia. "Sisi vijana tutakosaje?"

Hapo ndipo tulipofanya lile tulilolifanya. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika Krismasi. Masharti yalikuwa yamelegezwa kidogo, na watu walikuwa wameyalegeza zaidi kwa kujipangia wenyewe. Rafiki yetu hakuwa amepokea Ushirika Mtakatifu tangu mwezi wa Machi. Alitaka sana kuja, lakini aliogopa, akatuuliza sisi maoni yetu, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa tukienda huko na huko na kuona hali. Tukamwambia, "Imekwisha hii, kaka. Chanjo imepatikana. Njoo Krismasi." Hatukuwa na sababu ya kusema imekwisha. Haikuwa imekwisha. Chanjo ilikuwa imepatikana Coventry. Tulisema hivyo kwa kuwa tulichoka, na kwa kuwa tulimpenda, na kwa kuwa ni neno tamu kulisema na kulisikia.

Alikuja. Kanisa lilijaa hata milangoni. Watu walipeana mikono wakati wa amani kana kwamba ni mwaka 2019. Alipopokea mkate alitokwa na machozi, akarudi kwenye ubao wake akiwa ameshika bega letu. Katika wiki ya pili ya Januari aliugua. Mapema mwezi wa Februari 2021 alikufa. Chanjo ya kwanza kuja Kenya, dozi zaidi ya milioni moja, ilishushwa Nairobi usiku wa tarehe 2 Machi. Tangu maziko yake hadi usiku huo wiki nne hazikutimia.

Alipata wapi ugonjwa? Hatujui. Huenda aliupata kanisani, huenda dukani, huenda aliletewa nyumbani na wageni wa sikukuu. Daktari hakuweza kusema, wala hakuna atakayeweza. Mkewe hakutulaumu. Alituambia kwamba mumewe alikuwa na furaha kubwa siku ile ya Krismasi, na neno hilo limetufariji na limetuuma. Lakini maneno yale mawili, "imekwisha hii", twajua yalitoka kinywani mwa nani. Baada ya miaka yote ya kufundisha sura ya 28 ndipo tulipoisoma tukajikuta tumesimama mahali pa Hanania, na vipande vya nira mkononi.

Tumeandika haya kwa sababu ya kicheko kile cha barazani. Ndugu yetu aliyesema kwamba hakumwona mtu aliyekufa, huenda asema kweli kwa upande wake. Waliokufa walifichwa na masharti yale yale. Walizikwa na watu 15, mapema asubuhi, na majirani wakaambiwa baadaye. Kwa hesabu ya serikali, katika Kenya ni zaidi ya watu 5,600, na duniani kote ni zaidi ya milioni 7 waliohesabiwa.

Tuendelee na sura ya 29, maana habari haikuishia kwenye nira. Yeremia aliandika barua kwa wale waliokuwa Babeli. Wengi hukumbuka mstari wa 11 peke yake, ule uchapishwao kwenye kadi za harusi, nao ni mzuri, lakini usipousoma pamoja na mistari inayoutangulia ni kama kula sukari bila chai. Kabla ya ahadi, barua yawaambia mateka kwamba muda ni miaka 70. Wengi wao hawatauona mwisho wake. Na kisha yawaambia la kufanya katika muda huo: wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani, waoe na kuozwa, na wauombee heri mji ule ule uliowafunga, kwa kuwa heri ya mji ndiyo heri yao. Tumaini la Yeremia lilikuwa lina jembe mkononi. La Hanania lilikuwa na tarehe tu.

Na katika mwaka ule wa 2020 walikuwapo watu waliongoja kwa jinsi ya barua hii, tena hawakuwa mbali. Kilifi, jirani zetu hapa, pana kituo cha utafiti cha KEMRI na wenzao wa Wellcome, kilichoanza mwaka 1989. Mwezi wa Oktoba 2020 walianza pale kuijaribu chanjo ya chuo kikuu cha Oxford, na watu wazima 400 walijiandikisha kwa hiari yao. Wengi waliwacheka. Waliambiwa wamejiuza, wamekuwa panya wa wazungu. Wao wakatoa mkono na damu yao ipimwe, ili ijulikane kama dawa hii yawafaa watu wa kwetu sawasawa na wa kwingine.

Wako wanaouliza hata leo, ilikuwaje chanjo ikapatikana katika mwaka mmoja, na hali nyingine zimengojewa maisha ya mtu mzima? Rafiki yetu alitueleza hivi. Wale wa Oxford hawakuanza mwaka 2020. Walikuwa wamekwisha kutengeneza chombo cha kubebea, yaani kirusi cha mafua ya sokwe kilichopunguzwa nguvu kisiweze kuzaana mwilini, nao walikuwa wakikitumia dhidi ya ugonjwa wa MERS, ambao ni ndugu wa Korona. Ugonjwa mpya ulipokuja, walibadilisha mzigo tu, gari walikuwa nalo. Mzigo wenyewe ni maelezo ya ile miiba iliyo juu ya kirusi cha Korona. Mwili huisoma miiba hiyo kama askari anavyoonyeshwa picha ya mwizi, ili mwizi akija mwenyewe atambulikane mlangoni. Na ile namna nyingine ya chanjo, iliyotumiwa Coventry, ilitokana na kazi ambayo mama mmoja mzaliwa wa Hungaria, Katalin Karikó, aliishughulikia miaka mingi na watu wakimwona apoteza wakati wake, hata mwaka 2023 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na mwenzake Drew Weissman. Huyo alipanda bustani katika Babeli.

Tusijidanganye kwamba bustani iligawanywa kwa haki. Nchi tajiri zilinunua chanjo nyingi kuliko idadi ya watu wao, nasi tukangoja. Zilizokuja kwetu zilitengenezwa India, na mwisho wa Machi 2021 ugonjwa ulipoivamia India yenyewe, walizuia chanjo zisitoke. Waliodungwa mara ya kwanza wakaambiwa wangoje ya pili wiki 12, si 8. Sisi tulikuwa katika hao. Tulidungwa Aprili, kwenye foleni ndefu ya wazee waliokaa kwenye mabao ya shule, kila mmoja na kitambulisho chake mkononi. Kiti cha karibu nasi kilikuwa kitupu kwa ajili ya kuachiana nafasi, na hatukuacha kukitazama.

Katika foleni ile tulisikia mengi. Mama mmoja alisema chanjo ni alama ya mnyama wa Ufunuo. Sisi twafahamu kwamba ile hesabu ya 666 imefanyishwa kazi nyingi katika maisha yetu: imekuwa kitambulisho, imekuwa simu, imekuwa kadi ya benki, na sasa sindano. Lakini mama yule hakuwa mjinga, alikuwa ameogopa, na mtu aliyeogopa hasaidiwi kwa kuchekwa. Muuguzi alimwonyesha kovu la mkono wake wa kushoto, akamwuliza, "Mama, hili nalo ulilipata wapi?" Mama akasema alichanjwa ndui alipokuwa mtoto. Akakaa kimya kidogo, akakunja mkono wa gauni.

Sisi wa rika hili sote tunalo kovu lile. Neno lenyewe chanjo latoka katika kuchanja, kwa kuwa wakati ule ngozi ilichanjwa. Vijana wetu hawanalo, na sababu yake ni nzuri: ndui hauko tena duniani. Mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa kaskazini, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alikuwa mtu wa hospitali, na chanjo ilikuwa karibu naye, lakini aliikwepa kwa kuwa aliona kwamba sindano inauma. Watoto wawili wagonjwa wa ndui walipopitishwa hospitalini, alipanda gari lao amwonyeshe dereva njia, mwendo wa dakika chache tu. Ikatosha. Alipona, wala ugonjwa haukumtoka kwenda kwa mwingine, kwa sababu watu wengi walitafutwa na kuchanjwa upesi. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui umekwisha.

Lakini tunampenda mtu huyu kwa yale aliyoyafanya baadaye. Alipokuwa mtu mzima alijiunga na kazi ya chanjo ya polio katika nchi yake, akaenda mlango kwa mlango, na mzazi akikataa alimweleza habari zake mwenyewe, ya kwamba aliogopa sindano, na yaliyompata. Hakuificha aibu yake. Alikufa mwaka 2013 kwa malaria, angali katika kazi ile. Hakuwa Mkristo, alikuwa Mwislamu, na twamtaja katika gazeti la kanisa bila kusita, maana sisi tulikaa miaka 4 na neno letu moja la Krismasi bila kuliambia hata baraza la mtaa.

Wako pia waliotumaini kupita kiasi. Walidhani siku ya sindano ndiyo siku ya mwisho wa taabu. Chanjo ilipokuja, ugonjwa ulikuja tena mwaka ule ule wa 2021 kwa sura nyingine, na waliochanjwa nao waliugua, ingawa waliolazwa na kufa walikuwa wachache zaidi miongoni mwao. Watu wakasema, basi tumedanganywa. Hatukudanganywa na chanjo. Tulikuwa tumeipa kazi ya Masihi, nayo ilikuwa dawa. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa, na ilipofika tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likasema kwamba hali ya hatari imekwisha. Siku ile tuliposikia redioni lile neno "imekwisha", tulizima redio tukaenda kumtembelea mjane wa rafiki yetu. Alikuwa akimwagilia mchicha.

Ndugu yetu mmoja aliyesoma maandiko haya kabla hayajachapishwa alituuliza, je, mnatufundisha kwamba tusiwape watu moyo? La hasha. Yeremia aliwapa watu moyo kuliko Hanania. Aliinunua hata shamba kule Anathothi mji ulipokuwa umezingirwa, habari hizo mtazikuta katika sura ya 32. Lakini hakumwambia mtu avue nira ambayo bado ipo, mtu huyo akaenda akakutana na ya chuma. Sisi tungeweza kumwambia rafiki yetu, kaka, tumechoka sote, bado kidogo, tutakuja na kasisi nyumbani kwako tukuletee Ushirika uketi barazani na upepo ukipita. Kasisi angekubali. Alikuwa akifanya hivyo kwa wagonjwa wengine. Hatukufikiri hata kumwuliza, kwa kuwa tulitaka Krismasi iwe kama zamani.

Hivyo basi tunaliomba baraza mambo mawili. La kwanza, ndoo nzima iliyobaki irudishwe langoni. Mafagio yatafutiwe mahali pengine. Kipindupindu na homa za tumbo hazikungoja Korona, wala watoto wa shule ya Jumapili hawali andazi lao kwa mikono safi kwa sababu tu tumesahau. Jumamosi jioni tutakuja sisi wenyewe kuijaza, na tukiugua tutamtuma mjukuu.

La pili ni zito zaidi. Katika miaka ya 2020 na 2021 mtaa wetu uliwazika watu wake kwa haraka, bila wimbo, wengine bila kasisi. Tumezungumza na kasisi wetu, naye amekubali kwamba mwaka huu katika Sikukuu ya Watakatifu Wote, baada ya mahubiri, majina yao yasomwe kanisani yote, wawe walikufa kwa Korona au kwa lingine, na wimbo ule ambao kila jamaa ilitaka uimbwe siku ile uimbwe. Itachukua muda mrefu. Hakuna mtu atakayeshika saa.

Kila jamaa na iandike jina, tarehe ya maziko, na wimbo, karatasi ipelekwe kwa katekista kabla ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wasiojua kuandika waje kwetu Jumamosi pale langoni, tutawaandikia. Jina la mwalimu wa hesabu tumekwisha kulipeleka. Wimbo mkewe ndiye atakayeuchagua.